Shangazi Anajibu: Nje navaa ushungi, shida yangu iko ndani

*Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, miaka 41, naishi Makorora hapa Tanga mjini. Mwaka jana niligundulika na kansa ya ziwa, nikafanyiwa operesheni, alafu nikaanza dripu za kemo, zile dawa za kuua kansa, huko Dar. Dripu ya mwisho nimemaliza miezi minne iliyopita, namshukuru Mungu. Nywele zilitoka zote, nyusi na kope pia, mi ambae tangu usichana wangu nasifiwa nywele, zilikuwa zinafika mgongoni. Nesi akanambia mama hizo ni nywele tu zitaota, na kweli zimeanza, ila fupi na laini kama za mtoto mchanga, alafu zina mvi ambazo sikuwa nazo.*

*Sasa Shangazi nje sina shida, navaa ushungi wangu kama wenzangu naenda sokoni nanunua samaki narudi hakuna anaejua. Shida yangu iko ndani. Mtoto wa dada yangu anaolewa Ngamiani na mi ndo nimeombwa niwe somo wake, wa kumfunda mambo ya ndoa. We unajua shughuli zetu wanawake wa Tanga, mlango ukishafungwa mabuibui yote yanavuliwa, watu wamesuka, wametia asmini, wanacheza. Mi niingie na kichwa hiki? Tangu niugue sijakanyaga shughuli hata moja, nasingizia miguu. Dada yangu kanuna, anasema namsusia mwanawe. Usiku nalia, na nikimaliza kulia najiona mkosefu kwa Mungu maana wenzangu wawili niliolazwa nao wametangulia mbele ya haki, mi niliebakishwa nalilia nywele. Wigi nilitaka kununua, wengine wananambia haifai kidini. Nifanyeje?*
*Mama wa Makorora*

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya kweli, kwa ugonjwa na kwa hayo machozi ya usiku unayoyalia peke yako.

Nianze na hilo la mwisho maana ndo lililonichoma zaidi. Hujamkosea Mungu. Mtu anaweza kushukuru kwamba yu hai na akalia nywele zake siku hiyo hiyo, tena saa hiyo hiyo, wala shukurani haipungui kwa chozi. Wenzako waliotangulia nao walilia za kwao zilipotoka, nina hakika hiyo, na ungekuwa karibu ungewafuta machozi wala usingewaambia wanakufuru. Sasa kwa nini wewe ujinyime huruma ambayo ungempa jirani wa kitanda? Na huyo nesi najua alitaka kukutuliza, wanasema hivo wengi, lakini mwanamke aliesifiwa nywele tangu usichana, alietiwa asmini kichwani siku ya harusi yake, hawezi kuambiwa ni nywele tu. Umepoteza kitu. Kililie mpaka kiishe.

Nikueleze kidogo kilichotokea kichwani kwako maana wengi wanatibiwa hawaelezwi. Dawa za kemo zinawinda chembe zinazojigawa upesi upesi, kansa ndo tabia yake hiyo, ila na mashina ya nywele nayo yanajigawa upesi, ndomana yanapigwa pamoja na adui. Kawaida nywele zinaanza kudondoka kati ya wiki ya 2 na ya 4 tangu dripu ya kwanza, unaamka unakuta mto umejaa, na si kila dawa inafanya hivyo, zipo kemo ambazo mtu anamaliza na nywele zake. Zile zinazotumika sana kwa kansa ya ziwa ndo kali kwa nywele. Dawa zikishakwisha mwilini shina linaamka, mwezi au miwili hivi unaona vinyweleo, na ndani ya miezi 3 mpaka 6 wengi wanakuwa na nywele za kuonekana. Zinakwenda kama sentimita 1 kwa mwezi, polepole lakini zinakwenda. Huo ulaini na hizo mvi zinawatokea wengi sana maana chembe za kutia rangi nazo zinachelewa kuamka. Kwa wengi nywele zinarudi zilivokuwa baada ya muda, kwa wengine zinabaki na sura mpya. Kwahiyo uko pale pale unapotakiwa kuwa kwa mtu wa miezi minne, hakuna kilichoharibika.

Lakini mi nataka nikwambie kitu kimoja na ukishike kuliko vyote nitakavyosema humu. Usingoje nywele ndo urudi kwa watu. Ukisema nitaenda shughuli zikifika mabegani, hiyo ni miaka mwanangu, na miaka hiyo yote utakuwa umekaa chumbani unajifunza kuogopa. Huko kujiamini kunakokupotea hakumo kwenye nywele, kunakupotea kila unaposingizia miguu. Kila shughuli unayoikwepa inaifanya inayofuata iwe ngumu zaidi, nimeona kwa wanawake wengi, aliekwepa arusi akakwepa na arobaini, mwisho akawa hata mlango wa jirani hagongi.

Tena umeniandikia jambo ambalo wengi hawalielewi. Watu wa mbali wanadhani mwanamke wa pwani anaevaa ushungi hana tabu akinyonyoka nywele, si anafunika? Kumbe ndo kwanza, maana kwetu nywele ni za ndani, ni za mume na za wanawake wenzako, na hao ndo ambao macho yao yana uzito. Pale Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, watu wamejaa vichwa vya namna hiyo, kinamama wa mikoa yote, hakuna anaekushangaa. Tabu inaanza ukishuka basi stendi ya Kange na kurudi kwa wanaokujua.

Basi fanya hivi. Shughuli nenda, na usomo ukubali, huyo binti kakuchagua wewe na si nywele zako, anataka mtu wa kumwambia mambo ya ndoa na wewe una ya kumwambia kuliko ulivokuwa mwaka juzi. Lakini usiende kuwashtukiza watu wala wao wasikushtukize. Kaa na dada yako kwanza, leo au kesho, umwambie ukweli wote, umvulie ushungi akuone. Najua itakuwa ngumu. Ila amenuna kwa sababu hajui, anadhani unamsusia, na mtu asiejua hawezi kukusaidia. Akishaona, mpe kazi: yeye ndo atangulie kuwaambia wanawake wa karibu kabla ya siku, kwa maneno mafupi, kwamba mdogo wangu katibiwa, nywele zilitoka kwa dawa, sasa zinaota, anakuja na msimuulize maswali. Habari ikitangulia wewe unaingia umepumzika. Umbea wa Tanga tunaujua sote, habari inatoka Barabara ya 1 asubuhi adhuhuri iko Barabara ya 20, basi safari hii itumie hiyo hiyo ikufanyie kazi.

Kuna wale ambao watauliza tu, hata waambiwe vipi. Wengine wataona upara wa mwanamke wawaze UKIMWI, wengine wawaze karogwa. Andaa sentensi moja, fupi, uizoee mdomoni ukiwa nyumbani mpaka isitikisike. Mathalan, "Nilikuwa natibiwa, dawa ziliondoa nywele, alhamdulillah naendelea vizuri, haya niambie habari za wanao." Unajibu, unageuza mazungumzo, basi. Huna deni la kumsimulia mtu yeyote ugonjwa wako kuanzia uvimbe mpaka dripu ya mwisho. Nani aone kichwa chako na nani aambiwe nini, hilo ni lako wewe unaamua, na unaweza ukaamua tofauti siku tofauti, leo ukavua kesho usivue.

Na ukiwa ndani si lazima uvue. Vaa kilemba kizuri cha sherehe kilichofanana na gauni lako, wengi tu wanavaa vilemba siku hizi na nywele wanazo. Ila chagua kitambaa cha kotoni, au ndani vaa kikofia cha kotoni alafu juu ndo uweke hicho cha kung'aa, maana kitambaa cha hariri au satini kwenye kichwa kisicho na nywele za kutosha kinateleza, utacheza nusu saa umekishika kwa mkono. Kama kinaonekana kimelala sana kunja kitambaa laini kidogo ukiweke kisogoni chini ya kilemba, kinarudisha lile umbo. Asmini weka kifuani kikuba, kwani nani alisema lazima ikae kichwani.

Nyusi ndo zinazobadilisha sura kuliko nywele, niamini, mtu asie na nyusi hata ushungi haumfichi ugonjwa. Zako miezi minne naamini zimeanza, ziongezee kwa penseli, chora mistari midogo midogo kufuata zinavoota, usivute mstari mmoja mzito, na chukua rangi ya kahawia iliyokoza, nyeusi tii inakaza uso. Tafuta picha yako ya zamani iwe mbele yako wakati unachora. Tafadhali sana, PIKO usiweke, si kwenye nyusi wala kwenye hizo mvi, ile ina kemikali ya rangi inayobabua ngozi hata za watu wazima wenye afya sembuse yako iliyotoka kwenye dawa kali. Dawa ya kulainisha nywele nayo acha kwanza, wengi wanashauriwa wangoje angalau miezi 6 baada ya kemo, na kusuka kwa kubana usiruhusu mpaka nywele ziwe na nguvu. Kope za kubandika gundi yake inachoma, siku hiyo piga wanja inatosha, na kope zako zikiota zikadondoka tena mara ya pili usiogope, huwa zinatokea hivyo mwanzoni kwa kuwa zote zimeota kwa pamoja.

La wigi, muulize ustadhi unaemuamini na mweleze kuwa ni ugonjwa uliokuondolea, usimuulize kijuujuu tu kwamba wigi inafaa haifai. Mi upande wangu nakwambia la joto: Tanga hii ya mwezi wa pili, wigi juu ya ngozi laini inawasha sana, wengi wananunua kwa hela nyingi wanavaa mara mbili linaishia kabatini. Ukilitaka litake kwa moyo wako, usilinunue kwa ajili ya macho ya watu.

Jambo moja zaidi alafu nikuachie. Kama kulia huko usiku kunaendelea zaidi ya wiki mbili, hulali, huli, huoni raha na kitu chochote hata wanao, hiyo si ya kuvumilia na si upungufu wa imani, ni kitu kinachotibika. Nenda hospitali ya Bombo uombe kuonana na watu wa afya ya akili au ustawi wa jamii, au useme siku ya kliniki yako Dar. Wagonjwa wengi wa kansa wanapitia hapo.

Harusi ikipita niandikie tena, natamani kujua binti alikuwaje siku hiyo.

*Shangazi habari. Mke wangu anaendelea na kemo, yupo dripu ya tatu. Tupo Muheza. Tangu nywele zitoke analala na kitambaa kichwani, anazima taa kabla sijaingia chumbani. Nimemwambia mara nyingi mke wangu we mzuri tu mi sijali nywele, ndo kwanza analia. Nimefikiria na mi ninyoe kipara ajisikie hayupo peke yake. Naogopa hata kumgusa kichwa. Nisaidie.*
*Baba K, Muheza*

Baba K, Mungu akulipe kwa moyo huo, wanawake wangapi wanaandika humu waume wamehamia chumba kingine.

Unachokosea, kama naruhusiwa kusema hivo, ni kwamba unamjibu kabla hajasema. Ukimwambia we mzuri tu mi sijali, yeye anabaki na huzuni yake haina pa kwenda, maana umeshaifunga kwa sifa. Siku moja nyamaza, kaa nae, muulize "nywele zilivotoka ulijisikiaje?" alafu sikiliza mpaka mwisho, hata akilia lia nae, usikimbilie kumtuliza. Hajawahi kuulizwa huyo, nina wasiwasi huo, wote tumemwambia zitaota.

Kipara usinyoe bila kumuuliza. Wapo wanaofurahi sana mume akinyoa, na wapo ambao kila wakimuona wanajikumbuka ugonjwa, tena wanahisi wewe zako unazirudisha wiki mbili tu na wao hawawezi. Muulize tu, ni swali jepesi.

Kuhusu kumgusa, ngozi ya kichwa kipindi hiki inauma na kuwasha kwa wengine, ndomana mwambie akuelekeze. Mafuta ya nazi safi kidogo yasio na marashi, vidole taratibu, taa kazima sawa, usiiwashe. Akizoea mkono wako kichwani gizani ipo siku ataacha taa mwenyewe. Na zikibaki nywele za kipande kipande zinazomkera mnyoe kwa mashine safi, si wembe, maana kemo inashusha kinga na kidonda kidogo kinaweza kuleta makubwa. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hata kama ni usiku, msisubiri asubuhi, kimbieni hospitali.

Na la ndoa, kama mnakutana, siku chache za mwanzo baada ya kila dripu tumieni kondomu maana dawa zinapita kwenye majimaji ya mwili, na mimba isiingie kipindi chote cha matibabu. Muda kamili muulizeni daktari wenu, msione haya, swali hilo wanaulizwa kila siku.

*Anti mambo, mi kijana wa miaka 26 dereva boda kijiwe cha Chumbageni. Natibiwa kansa ya tezi, nywele zimetoka na NDEVU zote pia hata nyusi. Washkaji wananiita kitoto. Watu wanasema mwanaume kipara si kitu, kwanini mi inaniuma hivi?*

Inakuuma kwa sababu inauma, mwanangu. Hilo la mwanaume kipara si kitu linasemwa na watu walionyoa wenyewe kwa kinyozi. Wewe hukuchagua, tena ndevu zako za kwanza kwanza za kujivunia zimeondoka na nyusi juu yake, ukijitazama kwenye saiti mira ya pikipiki humjui anaekutazama. Wanaume wengi wanaliona hili zito na hawana wa kumwambia, ndo hivo wanaishia kukasirika kijiweni.

Kijiweni mtafute mmoja tu, yule ambae ukianguka na pikipiki ndo ungempigia, umwambie ukweli natibiwa kansa. Yeye atawafunga midomo wengine vizuri kuliko wewe ukigombana nao. Jua la mchana vaa kofia yenye ukingo au jipake losheni ya kuzuia jua kichwani, upara mpya unaungua haraka, na ndani ya helmeti weka kitambaa cha kotoni ukifue kila siku, helmeti ya abiria usiivae. Siku za baada ya dripu ambazo kichwa chepesi na mwili hauna nguvu pumzisha pikipiki, hesabu ya bosi utailipa wiki ijayo, zungumza nae. Ndevu nazo zinarudi dripu zikiisha.

*Shangazi kuna dada ananiuzia mafuta ya kuotesha nywele sh 35,000 anasema hata ukiwa kwenye kemo yanaota, na kuna ya kunywa pia. Ninunue?*
*Msomaji, Pongwe*

Hapana. Dawa ya dripu ikiwa bado inafanya kazi mwilini shina la nywele limelala, hakuna mafuta ya kupaka yatakayoliamsha, na la kunywa ndo usithubutu kabisa bila daktari kujua, majani na mizizi mingine inagombana na dawa za kemo, ama inaipunguza nguvu ama inaiongezea sumu ini likashindwa. Hata kama ni ya bibi yako wa Lushoto na anaijua kweli, mpelekee daktari jina lake kwanza.

Kichwa chako kinataka vitu vya bei ndogo: sabuni laini isiyo na harufu kali, maji ya uvuguvugu, nazi kidogo, foronya ya kotoni. Ukishamaliza matibabu zipo dawa za kupaka ambazo daktari wa ngozi anaweza kukuandikia ziharakishe kidogo. Na ikipita miezi 6 tangu dripu ya mwisho ukaona bado mabaka ya upara hayaoti kitu, usinunue kwa huyo dada wala kwa mwingine, rudi kliniki useme, maana kwa watu wachache baadhi ya dawa zinaacha nywele zikiwa nyepesi kwa muda mrefu, na vidonge vya kuzuia homoni wanavyotumia wengine baada ya kansa ya ziwa navyo vinaweza kupunguza nywele. Ila vidonge usiache mwenyewe kwa ajili hiyo, nenda ukaongee nao kwanza.